Viatu vya Vidole vya Mwalimu wa Kwaya

Miguu ya Bartholomeo Mayala ilikuwa mipana tangu zamani, na vidole vyake vimeachana kama ndugu waliogombea shamba. Utoto wake wote alichunga ng'ombe wa baba yake pekupeku, kwa hiyo kila kidole kilikua kikielekea kinakotaka. Ukubwani akawa fundi wa kuchomelea pale Masumbwe, akitengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kazini hakuwa na shida, maana alivaa gambuti kubwa lililomzidi. Shida ilikuwa Jumapili. Jumapili Bartholomeo alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hasimami karibu na altare na gambuti.

Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimechongoka mbele. Kuvivaa ilikuwa kazi ya watu wawili: yeye akisukuma mguu, mkewe Mariana akichokoa kisigino kwa kijiko. Wimbo wa kwanza haujafika kiitikio, vidole vinawaka moto. Bartholomeo akagundua, bila kumwambia mtu, kwamba wimbo ukiisha mapema na yeye anakaa mapema. Mikono ikaanza kukimbia. Wimbo wa Utukufu ukaenda kama pikipiki inayomkimbia trafiki. Wimbo wa kutubu ukawa unakwisha kabla waumini hawajazikumbuka dhambi zao.

Ajabu ni kwamba watu walipenda. Kwaya ikaitwa Kwaya ya Moto. Walikuja watu kutoka Runzewe kuisikiliza tu, wakarudi wakisema wale wana Roho. Padri naye alifurahi, maana misa ilikwisha mapema akawahi kusalisha nyingine kigango cha pili. Hakuna aliyejua kwamba moto wenyewe ulikuwa sugu mbili, moja kila mguu.

Siku moja Salome, muuza mitumba, akamwita kwa sauti akiwa ameinama kwenye robota alilolifungua muda huo huo.

"Mwalimu! Njoo uone, nimepata glavu za miguu!"

Vilikuwa viatu vyembamba vya kijivu, soli laini, na mbele kila kidole kina mfuko wake. Salome alishaanza kufikiria kuvikata awe anashikia sufuria. Bartholomeo akaketi juu ya robota, akaingiza kidole kimoja, kingine, kingine. Vyote vikaenea. Akasimama, akatembea hadi kwa muuza dagaa na kurudi, machozi yakimlengalenga.

"Kila mtu na chumba chake," alisema.

Kesho yake kwenye karasha mchimbaji mmoja alimtazama miguu kwa muda mrefu, kisha akavua kofia. "Fundi, pole sana. Ulikatwa lini ukawekewa hii ya bandia?"

Bartholomeo hakujali. Jumapili alivivaa na suti. Padri akaanzisha Utukufu, kwaya ikasimama, mwalimu akainua mikono. Mikono ilipanda polepole kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo. Bartholomeo alifumba macho. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anayasikia maneno ya wimbo, na aliyaona matamu, hakutaka yaishe. Waimbaji waliishiwa pumzi wakingoja mkono ushuke. Klara, ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa juu kuliko zote, alishika bega la mwenzake asianguke. Wimbo wa komunyo uliendelea hata baada ya watu wote kukomunika, wakarudi kuketi, na baadhi yao wakasinzia. Padri alitazama saa, halafu akatazama dari. Huko kigango cha pili waumini walikwisha kukata tamaa wakarudi nyumbani.

Ikawa hivyo Jumapili kadhaa, na tamasha la kwaya la Shinyanga likiwa limekaribia. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Eufrasia, akaitisha kikao bila mwalimu. Mmoja akasema Roho amemwacha. Mwingine akasema ni umri. Nkwabi, mpiga ngoma, ambaye kwa kukaa chini alikuwa na miguu ya mwalimu mbele ya uso wake miaka yote, akasema, "Ni viatu."

Wakaenda wote kwa Mariana.

"Shikamoo, Mama Abel."

"Marahaba. Karibuni, kuna nini wengi hivi?"

Mama Eufrasia akakohoa. "Tumekuja kukuomba umtese mumeo kidogo. Kile kijiko unacho bado?"

Walipomweleza, Mariana alicheka mpaka akashika mlango, kisha ghafla akakasirika. "Kila Jumapili jioni nani anamkanda kwa maji ya chumvi? Nyie?"

Bartholomeo alikuwa ndani, amesikia yote. Akatoka na viatu vyake vya vidole. "Kwa hiyo mlikuwa mnapenda maumivu yangu?"

"Hatukujua ni maumivu, Mwalimu," Mama Eufrasia alijibu kwa huzuni ya kweli. "Tulidhani ni karama."

Neno hilo lilimchoma. Siku ya tamasha alipanda basi la Shinyanga na jozi zote mbili kwenye mfuko, hajaamua. Ukumbini, zamu yao ilipokaribia, aliwatazama waimbaji waliopiga pasi sare zao, akawahurumia. Akachukua vile vyeusi. Cha kulia kiliingia kwa shida na kijiko. Cha kushoto kikakataa katakata. Mguu ulikuwa umezoea uhuru, ukatanuka. Mariana alisukuma, Nkwabi akasukuma, kijiko kikapinda. Wakati huo huo mshereheshaji akaitangaza kwaya ya Masumbwe.

Bartholomeo akapanda jukwaani mguu wa kulia una kiatu cha ngozi, wa kushoto una vidole.

Alianza kwa kuegemea kushoto. Mikono ikapanda taratibu, sauti zikatoka laini hadi ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha goti la kushoto likachoka, uzito ukahamia kulia, sugu ikabanwa, na mikono ikawaka. Ngoma za Nkwabi zikalipuka. Akarudi kushoto, utulivu. Akahamia kulia, moto. Waimbaji waliacha kutazama mikono, wakatazama magoti. Majaji walikuwa wamesogea mbele hadi ukingoni mwa viti.

Walishika nafasi ya pili. Jaji mmoja alisema kwaya hii ina falsafa ya mwendo ambayo hajapata kuisikia, akamuuliza mwalimu alijifunzia wapi.

"Miguuni," Bartholomeo alijibu, na watu wakapiga makofi wakidhani anatania.

Tangu siku ile anaongoza kwaya misani hivyo hivyo, mguu huu hivi, mguu huu vile, na Padri amemruhusu, mradi siku ya kwenda kigango aegemee kulia zaidi. Tamasha lililofuata, mwalimu mmoja kutoka Runzewe alipanda jukwaani mguu mmoja una gambuti na mwingine una kandambili. Kwaya yake ilisambaratika ubeti wa pili. Bartholomeo akamfuata nyuma ya jukwaa kumpa pole.

"Mwalimu mwenzangu," alimnong'oneza, "gambuti haliumi. Tafuta kinachouma."