Mkono wa Bwana Gurdeep na Swichi za Thika

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae nisiguse kitu. Ofisi ilikuwa Ruiru, juu ya duka la mabati na misumari, na aliyeniambia hivyo alikuwa Msimamizi wa Mtandao, Bwana Gurdeep, Mhindi Kalasinga aliyezaliwa Thika na ambaye Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Leo unatazama," alisema. "Kesho utaniuliza maswali. Kibodi tutaona baadaye."

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ikisambaza intaneti kwa shule, zahanati na maduka kati ya Ruiru na Thika. Uti wa mgongo wa kazi hiyo ni swichi, kile kisanduku chenye safu ya matundu ya kuchomekea kebo. Tundu moja tunaliita mlango. Mlango wa kawaida husafirisha data kati ya mashine za mtandao mmoja, na wenyewe hauna anwani. Lakini ukiuamuru uache kazi hiyo, ukaupa anwani yake, unageuka kuwa mlango wa njia: unatoa data mtandao huu na kuipeleka mtandao mwingine. Kati ya vituo vyetu, milango yote ilikuwa ya njia. Kila kiungo kilikuwa na mlango huku na mlango kule, na anwani zake zilipaswa kuwa pacha, zikitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Ukikosea tarakimu moja, milango hiyo haitambuani. Na kama uliingia kwenye swichi ya mbali kwa kupitia kiungo hichohicho, umejifungia nje. Hapo lazima mtu apande gari aende.

Bwana Gurdeep aliandika amri hizo kwa mkono, mstari baada ya mstari, kwa kasi iliyonitisha. Kabla ya kubonyeza alisoma kwa sauti, nami nikarudia baada yake. Aliponiruhusu kushika kibodi hatimaye, alisimama nyuma ya kiti changu akifuata kila mstari. Nilipomaliza alisema, "Sawa," akaenda kunywa chai. Nilifurahi kama niliyepewa cheti.

Kampuni ilikua. Tukafungua kituo Gitothua, kisha Mwiki, ambako nyumba ziliota haraka kuliko tulivyoweza kuvuta nyaya za faiba. Makao makuu yakahamia Thika. Bwana Gurdeep akawa Mhandisi Mkuu, nami msaidizi wake. Tukaajiri mafundi wa nyanjani, watu wa kupanda milingoti na kukimbilia swichi zilizokwama. Wa mwisho kuajiriwa alikuwa Mutua, kijana wa Machakos mwenye mke na mtoto mchanga, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuuliza.

Sikumbuki nilianza lini kuuona ule mkono. Nakumbuka tu kwamba alianza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauweka mfukoni. Kisha akaanza kuniambia, "Njeri, andika wewe leo, upate mazoezi." Mimi niliyeandika amri miaka yote ile! Niliandika, sikuuliza.

Siku moja mchana nilikuwa Ruiru na Mutua, Bwana Gurdeep akiwa peke yake Thika, simu zikaanza kulia. Mwiki yote ilikuwa imezimika. Zahanati moja pale ilikuwa na mama mjamzito aliyepaswa kuhamishiwa hospitali kubwa, na majibu ya vipimo vyake hayakuweza kutumwa. Mutua aliruka kwenye pikipiki. Alipofika na kuunganisha kompyuta yake, alinisomea anwani iliyokuwa mlangoni. Tarakimu moja ilikuwa imejirudia mara mbili, kama kidole kilichogonga kikashindwa kuinuka.

Mama yule alifika hospitali, na mtoto akazaliwa salama. Lakini kesho yake Meneja Mkuu alituita sote.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," Bwana Gurdeep alisema. Akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani ili kila mtu auone. Ulitetemeka. "Daktari ameupa ugonjwa huu jina. Hauponi."

Meneja hakuwa mtu mkatili. Alisema, "Mzee, mhandisi asiyeweza kuandika nitamfanyia nini?" Akampa hadi mwisho wa mwaka.

Wakati huo nilikuwa nimejifunza kuandika programu ndogondogo. Nilimfuata ofisini kwake nikamweleza. Tungetengeneza kiolezo, yaani mfano wa amri za mlango wa njia wenye nafasi wazi za jina, anwani na upande wa pili. Yeye angetaja thamani, programu ingejaza nafasi, ikaingia kwenye swichi zote mbili na kuandika yenyewe.

Alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo. "Haiya! Sasa nimekuwa mtoto wa kulishwa kwa kijiko?"

"Hata mkono wangu hukosea, Mzee. Wa Mutua pia. Wako tu ndio umeonekana."

Akageukia dirisha. Nilidhani mazungumzo yameisha, nikafika mlangoni.

"Itakosea haraka kuliko sisi," alisema bila kugeuka. "Mtu akikosea, anazima Mwiki. Programu ikikosea, inazima Mwiki, Gitothua na Ruiru kabla hujapepesa. Kwa hiyo kwanza tuifundishe kukataa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi niliandika, yeye alifikiri kwa sauti. Ikatae anwani inayotumika kwingine. Ikatae kama pande mbili si pacha. Ikatae kuugusa mlango ambao yenyewe imeingilia, mpaka iwe imepata njia ya pili. Na ikishaandika, isubiri. Kama upande wa pili hauitiki, irudishe kila kitu kilivyokuwa. Mambo hayo hayakuwa katika kitabu chochote nilichosoma. Yalitoka katika safari zote alizowahi kufanya kwenda kurekebisha swichi zilizojifunga.

Siku ya kuionyesha tulikuwa tunafungua kituo cha Murera, kati ya mashamba na ploti mpya. Meneja alikuja kutazama. Bwana Gurdeep alitaja thamani, nikaziingiza, tukangoja. Programu ikakataa. Meneja akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Bwana Gurdeep akasogelea skrini, akasoma polepole. Anwani aliyoitaja ilikuwa tayari inatumika Gitothua. Alikuwa amesahau.

"Imenikataa mimi!" alisema, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile siku ya Mwiki. Tukabadilisha anwani. Murera ikaitika.

Mwisho wa mwaka ulifika, na hakuna aliyetaja kuondoka kwake. Alibaki mwaka mwingine mzima, mtandao ukiwa mtulivu kuliko wakati wowote. Na utulivu huo ndio ulioleta shida. Meneja alituita mimi na yeye tu.

"Mafundi wanakaa bila safari," alisema. "Bodi inataka mmoja atoke. Mutua ndiye wa mwisho kuajiriwa."

"Kama ni mtu mmoja," Bwana Gurdeep alisema, "nitatoka mimi."

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nalia, nikiwa mtu mzima. "Mzee, tuliitengeneza ile kitu ndiyo ubaki."

"Nimebaki," alisema. "Nimeimaliza kazi yangu kwa akili yangu timamu. Wangapi wanapata hiyo?" Akashuka hatua, akasimama. "Usimwambie Mutua. Akijua, kila akiniona atajiona ana deni. Sitaki kutazamwa hivyo."

Kwa hiyo Mutua, kama wengine wote, aliamini ni ugonjwa uliomwondoa. Nilichukua nafasi ya Mhandisi Mkuu. Mutua nilimfundisha programu ile, akaipanua kuliko nilivyoweza mimi, na nilipostaafu kiti changu kikawa chake.

Siku hizi vijana huniuliza kama mashine zitawamaliza. Sina jibu la kuwatosha wote. Ninachojua ni kwamba programu yetu haikumtaja mtu yeyote kuwa aondoke. Watu ndio walikaa mezani wakaamua, na mtu ndiye aliyejibu. Nawaambia pia wajifunze amri zenyewe, kwa mkono, kabla ya kumwachia yeyote aziandike kwa niaba yao. Asiyejua mlango unavyovunjika hataweza kuulinda.

Bwana Gurdeep alifariki mwaka huu. Tulikusanyika nyumbani kwake Thika kabla hajapelekwa kuteketezwa, kama ilivyo desturi yao. Mutua alisimama kando yangu, na sikuweza kunyamaza tena. Nikamweleza yote.

Alinigeukia. "Mbona hukuniambia, Madam?"

"Aliniomba."

Wanaume wa familia walikuwa wanajipanga kunyanyua jeneza. Mutua akavua koti, akanipa nilishike, akaenda kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Sikusikia alichosema. Nilimwona yule mtoto akimtazama, kisha akasogea hatua moja, na Mutua akaingiza bega lake chini ya jeneza.