Benchi la Mbele ya Stoo ya Baba

Siku niliyokwenda korti ya Kasese kumwondoa mzee Thembo, naikumbuka vizuri, hata shati nililovaa. Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia wewe na dada yako mnashtakiana juu ya nyumba, na korti imewawekea msimamizi.

Baba alituachia jengo la maduka pale Bwera, na nyuma yake stoo ya kahawa. Mimi na kaka yangu Mumbere tukaligombania mpaka korti ikamweka mzee Thembo alisimamie hadi kesi iishe. Alikuwa mwaminifu, lakini alinichosha. Stoo hakuifungua mpaka sote wawili tuwepo. Kila siku ya soko nilikaa kwenye benchi pale mlangoni nikimsubiri kaka, naye, kwa makusudi nadhani, alikuja akitembea polepole na ndizi za kuchoma za watu wawili. Nilikula nimenuna.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. “Mzee, nipe funguo. Niko na kazi.”

“Mulango ya baba yenu inafunguka mukiwa wawili,” akajibu. “Kama hamunitaki, mukuje pamoja muniambie. Nitaenda.”

Niende pamoja na Mumbere? Nilikuwa na kiburi mimi! Nikapeleka ombi peke yangu. Hakimu akaniuliza kama mzee ameiba. Hapana. Kama ameacha jengo liharibike. Hapana. Nikaona aibu kusema ananikalisha na ndugu yangu, basi nikadanganya kwamba wapangaji wanamlalamikia. Mzee Thembo hakubishana. Alisema amezeeka, akaweka funguo mezani.

Msimamizi mpya, mtu wa kuvaa tai kutoka mbali, alimpa kila mmoja siku yake: mimi Jumanne, kaka Ijumaa. Nikafurahi sana. Hatukukaa tena pamoja kwenye benchi lile. Mumbere alivuka mpaka wa Kongo akaenda kuishi Kasindi, na huko akafariki kabla kesi haijaisha.

Sasa jengo ni langu. Siku za soko bado nakaa pale mlangoni, funguo zote ziko mfukoni mwangu. Nina hamu ya kumwona kaka yangu, mwanangu, pamoja na ule mwendo wake wa polepole.

Basi nisikilize. Msimamizi akiiba, au akiacha nyumba ianguke, nenda korti wamwondoe, ni haki yako. Lakini akikuchosha kwa sababu tu anakulazimisha kumsubiri dada yako, msubiri. Mungu akupe maisha marefu, na kila siku ya soko akuletee mtu mwenye ndizi za watu wawili.