Bunduki ya Bei Nafuu na Mbuzi wa Mkwe Wangu

Ningesema "hapana" siku ile, barazani kwa mzee mmoja pale Geita, leo nisingekuwa naandika haya. Neno moja tu. Sikulisema. Kosa ni langu na sina wa kumsukumia.

Mimi ni mzee wa Kambarage, Shinyanga. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikawa karani wa pamba hadi nikastaafu. Ujanani nilipitia mgambo, na sifa pekee niliyobaki nayo ni shabaha. Basi uzeeni nikataka bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba, niwe napiga makopo shambani kwangu Jumapili baada ya misa. Mke wangu alicheka sana. Akaniuliza, "Baba Kabula, hayo makopo yamekukosea nini?"

Taratibu zote nilizifuata, kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi, na kibali nikapewa. Hapo sina dhambi. Dhambi yangu ilianzia kwenye kuchagua.

Dukani Mwanza kulikuwa na bunduki ya upepo, mpya, ndani ya boksi lake. Muuzaji aliniambia kwa makopo hiyo inatosha kabisa. Mimi bei ikanikera. Bunduki ya upepo, kitu cha kutishia njiwa, kwa bei ile? Kisha nikasikia Geita kuna mzee anauza bunduki yake ya risasi, imetumika lakini ina karatasi zote, tena kwa bei ya chini kuliko ile ya upepo. Nikapanda basi.

Geita ndiko alikoolewa binti yangu Kabula. Mume wake, Baba Pendo, alikuwa dereva wa magari makubwa mgodini, na kabla ya hapo aliwahi kuwa mlinzi wa kubeba silaha. Nikamwomba anisindikize kwa yule mzee.

Baba Pendo aliipokea bunduki, akahakikisha haina kitu, akaanza kukisukuma kile kidude cha usalama. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Kilikuwa kinateleza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hakuniangalia mimi. Alimgeukia mwenye bunduki, akamuuliza kwa upole, "Mzee, hii mara ya mwisho ilikwenda kwa fundi lini?"

Yule mzee akacheka, akasema bunduki ya kupigia makopo inahitaji fundi wa nini.

Baba Pendo akailaza mezani, akaisogeza mbali kidogo kwa vidole. Basi.

Ndugu yangu unayesoma, kama hukulelewa kwetu unaweza kusema mbona hakuniambia. Kwa sisi Wasukuma, yule kijana alikuwa ameniambia kila kitu. Mkwe hambishii baba mkwe. Hamkazii macho, hamkosoi mbele ya watu. Kuisogeza ile bunduki kwa vidole ilikuwa sawa na kupiga kelele. Nilielewa. Nikajifanya sikuelewa, kwa sababu bei ilinipendeza.

Baada ya vibali vya kubadilisha umiliki kukamilika, nikaichukua.

Wiki hiyohiyo Kabula alinipigia simu. Akasema, "Shikamoo baba. Baba Pendo anaomba ile bunduki ipitie kwa fundi kabla hujaanza kuitumia."

Nikamjibu, "Kwani yeye hana mdomo?"

"Anao, baba. Ila wewe ni mkwe wake."

Nikakata simu. Niliona ninafundishwa bunduki na mtoto aliyezaliwa mimi nimeshapiga shabaha mpaka nimechoka. Kwa fundi sikwenda.

Walikuja kututembelea baada ya mavuno. Tukaenda shambani, mimi na Baba Pendo, wanawake wakabaki nyumbani Kambarage. Nilikuwa nimechagua kichuguu kikubwa kiwe nyuma ya makopo, ili risasi zisiende mbali. Unaona? Akili nilikuwa nayo. Kilichonipungukia ni unyenyekevu.

Nikapiga makopo manne, yote yakaanguka. Nikafurahi kama kijana. Nikaikoki tena, risasi ikaingia, kisha nikakumbuka kwamba makopo yamekwisha. Nikasukuma kile kidude, nikaiegemeza bunduki kwenye kigoda, nikamwambia mkwe wangu akapange mengine.

Hakuondoka. Alisimama akiangalia miguu yangu, akasema, "Baba, niitoe risasi kwanza?"

Hilo ndilo neno pekee la kunipinga aliloniambia tangu amwoe binti yangu. Jamani, lilimgharimu kiasi gani kulitoa!

Mimi nikasema, "Nenda kapange makopo."

Akaenda.

Aliinama pale kwenye kichuguu. Mimi nikageuka kuchukua maji, goti langu likakigusa kigoda. Bunduki ikaanguka, ikalia yenyewe. Mlio mdogo tu, kama kuni inayopasuka. Nikadhani imepiga udongo, mpaka nilipomwona amekaa chini, ameshika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, naomba kitambaa."

Jirani wa shamba alituchukua kwa gari lake mpaka hospitali.

Laiti ungamo langu lingeishia hapa! Ajali inasameheka. Lililofuata ndilo linaloninyima usingizi.

Askari alipokuja wodini kuuliza, niliogopa. Niliogopa kunyang'anywa kibali, niliogopa kuitwa mzee mjinga mjini kote. Nikasema kijana alipita mbele wakati nalenga. Nikasema nilimkataza. Nilisema hayo mita mbili kutoka kitandani kwake, naye anasikia.

Askari akamgeukia. "Ni kweli?"

Baba Pendo aliangalia ukutani. Akajibu, "Ni kama baba alivyosema."

Uongo wangu ukatangulia kila mahali. Ndugu zake waliusikia kule Bukombe, wakaona aibu. Wakasema kijana wao amemwaga damu shambani kwa mkwe wake kwa uzembe, lazima aende kuomba radhi. Na yeye hakuwakatalia.

Siku aliyokuja nilikuwa nimekaa nje, mlangoni kwangu. Nilimwona anatoka barabarani, mkono wa kulia umefungwa kifuani, Kabula na mjukuu wangu Pendo nyuma yake. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anamvuta mbuzi.

Alipiga magoti. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akaomba radhi kwa kuniletea matatizo na polisi. Mimi, mtu mzima, nikasema nimemsamehe. Nikampokea mbuzi. Akachinjwa, nyama ikapikwa, nikala. Mke wangu, ambaye naye nilikuwa nimemdanganya, alinisifu kwamba nina moyo mpana.

Kabula hakula. Alisubiri mumewe alipotoka kwenda kunawa, akanisogelea.

"Baba, ulimtuma kwenye makopo au alikwenda mwenyewe?"

Nilikuwa na nyama mdomoni.

Akasema, "Haya." Akaenda kumwandaa Pendo kwa safari.

Kile kiwiko hakikukunjika tena. Mtu asiyekunja mkono hawezi kuendesha gari la mgodini, hivyo kazi ikaisha, wakahamia kwa wazazi wake Bukombe kulima. Kulima kwa mkono mmoja! Mimi nilivumilia miezi kadhaa, kisha nikashindwa. Nikaenda polisi, nikaeleza ukweli, nikaisalimisha bunduki, adhabu waliyonipa nikaipokea. Nikamwambia mke wangu, akalia siku mbili bila kunitazama.

Halafu nikaenda Bukombe na mbuzi wawili. Nikaungama mbele ya wazee wao, wote wakinisikiliza. Walikuwa na haki ya kunifukuza, hawakunifukuza. Baba Pendo alinipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Alinisalimia kwa heshima ileile, akaniletea kiti kwa mkono wa kushoto. Nilipomwomba msamaha alijibu, "Yameisha, baba," macho yakiwa chini kama siku zote. Mpaka leo sijui kama yaliisha kweli au ilikuwa ile heshima yake tena.

Kabula alikuwa jikoni. Niliusikia mwiko wake ukigonga sufuria. Nilikaa mpaka jua likaegemea, hakutoka. Chakula alikileta Pendo.

Nawaomba wazee wenzangu mnaotaka bunduki ya kujifurahisha: msiangalie bei kwanza. Chukueni ile ya upepo, ama ipelekeni iliyotumika kwa fundi mwenye kibali, na msiache kamwe risasi ndani wakati mtu yuko mbele yenu. Na mkiwa na mkwe anayewaheshimu, jifunzeni kusikia anachoogopa kusema. Heshima yake msiifanye ngao ya kujifichia.

Mimi nilitaka kuokoa pesa kidogo. Mkwe wangu alipoteza mkono wake wa kazi, mjukuu wangu siku hizi ananiona kwenye picha tu, na Kabula, mtoto wangu wa pekee, hajasema nami neno tangu ile "haya."