Mashine Haina Masikio

Leonhard Zipperle alizaliwa juu ya banda la farasi, na mpaka anaota mvi hakujua kazi nyingine zaidi ya kuendesha gari la farasi la Bwana Hämmerle, yule mwenye kiwanda cha bia hapa kwetu kando ya mto Neckar. Mtu akikuambia Leonhard alikuwa mkorofi, mwambie akome. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe sikiliza.

Bwana Hämmerle alikwenda Mannheim akarudi na motokaa. Kesho yake akamwambia Leonhard kwamba farasi wanauzwa, na yeye kuanzia sasa ni dereva. Leonhard aliomba jambo moja tu, Lotte abaki. Lotte alikuwa farasi jike mzee, amemlea mwenyewe tangu mtoto. Ndiye aliyemvuta mkewe Kreszenz siku ya harusi, na ndiye aliyempeleka makaburini.

"Ukiiweza hii mashine," Bwana akasema, "Lotte atakula majani yangu mpaka afe." Akampa mkono. Na kwetu, mkono ukishashikwa, hata ng'ombe wa ugomvi huwa ameshauzika.

Basi akajifunza, na alijifunza kwa taabu. Siku ya kwanza, kwenye kona ya kanisa, mkono ulifanya ulichozoea. Akauvuta usukani kifuani kama hatamu, akaita, "Brr!" Ndivyo farasi wa kwetu wanavyosimamishwa tangu enzi za mababu. Motokaa ikaenda zake mpaka kwenye meza ya mwoka mikate, mikate ikatapakaa barabarani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Bwana Hämmerle akacheka kuliko wote.

"Mashine haina masikio, Leonhard," akamwambia. "Hiyo brr yako kawaambie punda."

Leonhard aliimeza hasira yake kwa ajili ya Lotte.

Na hiyo mashine yenyewe, wala isikutishe! Vilima vya kwetu haikuviweza. Kila ilipogoma, Leonhard alishuka kwa miguu kwenda kumleta Lotte, na yule bibi kizee akalivuta lile lichuma mpaka nyumbani, Bwana amekaa juu na kofia yake. Wakulima wakawa wanauliza kama benzini siku hizi inalimwa shambani pamoja na shayiri. Bwana hakupenda kabisa. Kucheka wenzake ruksa, kuchekwa yeye haramu!

Asubuhi moja Leonhard alirudi kutoka duka la dawa, kwani benzini ilinunuliwa huko, akakuta banda tupu. Kola ya shingoni ya kuvutia mizigo na lijamu za Lotte zilikuwa bado zinaning'inia ukutani. Mwenyewe ameuzwa kwa bucha la farasi. Alipouliza, Bwana alijibu huku anatafuna kwamba motokaa inayovutwa na farasi inamwaibisha mjini. Na ule mkono aliompa? Ah, ule ulikuwa utani tu.

Utani! Mtu mzima, mwenye kiti chake mbele kanisani!

Leonhard alirudi bandani, akazitungua kola na lijamu, akaziweka chini ya kiti cha motokaa.

Haikupita wiki, Bwana akaalikwa harusini upande wa pili wa mlima. Mvua ilikuwa inanyesha, na katikati ya mlima motokaa ikakohoa, ikazima. Leonhard alijaribu kuiwasha mpaka mkono ukamuuma, haikuwaka.

"Unangoja nini?" Bwana akafoka. "Kamlete Lotte."

Neno lilimtoka kwa mazoea. Alipolisikia mwenyewe, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Leonhard alitoa ile kola chini ya kiti, akamwekea magotini, na lijamu juu yake. "Lotte umemfanya soseji," akasema. "Vaa, uvute mwenyewe." Akavua glavu za udereva akazitupa topeni, akaanza kushuka mlima.

Bwana alimwita kwa amri. Akamwita kwa kubembeleza, akamwahidi nyongeza ya mshahara, akamtaja na marehemu Kreszenz. Mwisho akachanganyikiwa kabisa, akasimama juu ya kiti huku mvua inamchapa, akaita kwa sauti yake yote, "Brr, Leonhard! Brr!"

Leonhard hakugeuka. Siku hiyo na yeye hakuwa na masikio.