Nyasi za Njano na Ndoo ya Melkiori

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, katika miaka ile ya vita hapa Bujumbura. Nilitoka kwetu Bwiza kwa miguu kwenda kazini, maana basi ndogo hazikutembea. Milio ilikuwa imesikika upande wa Kanyosha na madereva wakabaki kwao. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtunza bustani wa nyumba ndogo ya kujifungulia wanawake. Niliposukuma geti nikaona nyasi zangu zimepata mabaka ya njano, makubwa kama mikeka.

Usicheke, ukasema nyasi ni nyasi tu. Mwenye nyumba ile, mkunga aliyeitwa Madamu Odeta, alizithamini kuliko viti vya ofisini kwake. Wanawake walimjia kutoka mitaa iliyokuwa inaungua, wengine na kanga moja tu mwilini. Wakishajifungua aliwatoa nje asubuhi, akawakalisha juani juu ya kijani kile na vichanga vyao. Aliniambia siku ya kwanza, "Yusufu, mi nawashika tumbo, we unawashika moyo." Basi nilitembea kifua mbele, nikijiona nusu daktari.

Kujiona huko ndiko kulikoniponza. Sikuuliza mtu. Nilisema moyoni: njano ni njaa, na mwenye njaa hulishwa. Nikachukua mbolea ya dukani, ile ya chembe nyeupe, nikaimwaga kwa mikono miwili juu ya majani yaliyolowa. Baada ya siku mbili yale mabaka yalikuwa yameungua, yamekuwa rangi ya chai.

Madamu Odeta aliponiita barazani, niliogopa. Kazi wakati ule ilikuwa uhai. Nyumbani walikula watu tisa kwa jembe langu. Na ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Madamu, labda ni Melkiori. Anasafisha kwa javeli, ile dawa kali ya kung'arisha, na ndoo anamwaga hapo."

Melkiori alikuwa mtu wa usafi, mwanamume wa makamo, mpole, aliyekimbia Kanyosha baada ya nyumba yake kuchomwa. Alilala stoo pamoja na mkewe mjamzito. Hakuwa wa upande wangu, na mimi sikuwa wa upande wake, kama tulivyofundishwa kuhesabiana siku zile. Nilijua hivyo nilipomtaja. Nisingekuambia ukweli kama ningesema sikujua.

Nilidhani nimesema neno dogo. Lakini zamu, yule mlinzi wa getini, alikuwa amesimama karibu, akalipeleka neno getini. Kabla ya adhuhuri halikuwa tena javeli kwenye nyasi, lilikuwa sumu. Mwanamke mmoja akauliza, kama ameua nyasi leo, kesho atatia nini kwenye tangi la maji? Wazazi wakakataa kunywa. Mama mmoja aliyejifungua alfajiri alikaa na midomo imekauka, kikombe kimejaa mbele yake. Nje ya geti vijana wa mtaa wakaanza kukusanyika, mmoja mmoja, mikono nyuma. Melkiori alisimama ukutani na ndoo yake. Hakupiga kelele. Alirudia tu, "Apana. Mi sikufanya."

Zamu akasema kwa sauti, "Wazee walisema lisemwalo lipo."

"Na wazee haohao walikuwa na majembe," ikajibu sauti ya mwanamke. "Nileteeni moja."

Alikuwa Bibi Salima, kikongwe wa Bwiza aliyekuja kumwona mjukuu wake aliyejifungua. Wengi walimfahamu, alikuwa amepanda na kuuza miche ya maua tangu mama zetu ni wasichana. Mfupi, mkavu, miguu imepinda kidogo. Mpaka leo, nikitaka kujua ushujaa una sura gani, simkumbuki mwenye bunduki. Namkumbuka Bibi Salima akivuka uwanja ule, akipita kati ya vijana wale na Melkiori kana kwamba anapita sokoni, akiwaambia waliosimama juu ya nyasi, "Nipisheni, mnakanyaga mgonjwa."

Alipiga magoti kwenye baka la njano. Akakata kipande cha mraba, akakipindua. Maji yakajaa shimoni papo hapo. Akainua udongo mpaka puani, kisha akauzungusha kwa watu wanuse, hata wale vijana wa getini. Ulinuka kama dimbwi lililooza. Mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, inakatika kama uzi wa zamani. Akaenda penye kijani, kando ya ukuta, akakata kipande kingine. Pale udongo ulimeguka vizuri, na mizizi ilikuwa mirefu, myeupe.

"Sasa tazameni," akasema. "Njano ya njaa inaenea uwanja muzima, tena inaanza kwa jani la chini, la kizee. Hii iko na mabaka. Na mabaka yanapita wapi? Geti, mulango, bomba la maji. Ni njia ya miguu yetu. Tunakanyaga udongo wakati umelowa, unakuwa tofali. Mvua inakuja, haina pa kushuka. Haya majani hayana njaa. Yanakosa pumzi."

Kisha akamgeukia Melkiori kwa upole. "Baba, ndoo yako unaimwaga wapi?"

Melkiori akatuongoza nyuma ya jiko, kwenye mfereji. Ukingo wa saruji pale ulikuwa umepauka kwa javeli ya miezi mingi. Kutoka pale hadi mabaka yale ilikuwa nyumba nzima katikati. Watu wakatazamana. Hata hivyo zamu akauliza, "Na ule muunguzo wa rangi ya chai ni wa nini?"

Bibi Salima alikuwa ameshaona. Nilimwona akifunua majani kwa kidole, na chini yake chembe mbili tatu nyeupe ambazo hazijayeyuka. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alizikusanya kiganjani, akafumba mkono, akanitazama, akangoja.

Mwanangu, sijawahi kungojwa hivyo tena. Nilitazama geti, nikamtazama yule mama mwenye midomo mikavu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa katikati ya wanawake wasioficha maumivu yao ili watu wazaliwe. Nikasema, "Ni mimi. Nilitia mbolea nyingi kwenye majani yaliyolowa. Melkiori hakumwaga kitu. Nilimtaja kwa sababu niliogopa kufukuzwa."

"Sema kwa nguvu," akasema Bibi. "Uongo ulifika mpaka barabarani. Ukweli nao ufike."

Nikaenda getini nikarudia. Mmoja wa wale vijana alitema mate karibu na mguu wangu, wakaondoka. Bibi Salima akaenda kwenye tangi, akajaza kikombe, akakinywa chote polepole mbele ya wazazi, halafu akajaza kingine akampa yule mama. Akanywa. Wengine wakafuata.

Nilitarajia kufukuzwa. Madamu Odeta akamwuliza Melkiori, si mimi, anataka nifanywe nini. Melkiori akafikiri. "Abaki," akasema. "Atengeneze alichoharibu."

Bibi Salima alituachia maagizo, na wiki ile alirudi kila siku kuona kama tunayashika. Tulichimba mtaro mwembamba kufuata mteremko, maji yapate njia. Tukachukua vyuma vya ujenzi tukatoboa uwanja, shimo kila nusu hatua, kina cha kiganja, tukajaza mchanga wa mto Ntahangwa ili mashimo yasijifunge. Tuling'oa nyasi zilizokufa. Tulipanga mawe bapa kutoka getini hadi mlangoni, watu wapite juu yake. Alinikataza kukata nyasi zikiwa zimelowa, na kuzikata chini mno. Mbolea alinikataza kabisa mpaka mizizi mipya itoke. Baadaye akaruhusu samadi iliyooza vizuri, kidogo, ikichanganywa na udongo.

Kazi ile nilifanya na Melkiori, kwa hiari yake. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu, chuma kikiwa mkononi, akauliza bila kuinua macho, "Yusufu, ulitaka mi nife kwa sababu ya majani?"

"Sikutaka ufe. Niliogopa."

"Na mi niliogopa. Nilikuona ukitia ile mbolea." Akatoboa shimo lingine. "Sikukutaja."

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Alijua. Alisimama ukutani, kifo kikimngoja getini, na jina langu lilikuwa mdomoni mwake, naye akalimeza. Nilipomwuliza kwa nini, alisema alichelea kwamba nikisimamishwa mimi ukutani, vijana wale hawangerudi nyumbani mikono mitupu. Nilimwomba msamaha. Alinisogezea ndoo ya mchanga, tukaendelea.

Wiki sita baadaye machipukizi yalikuwa yamefunika mabaka. Mke wa Melkiori alijifungua msichana mle ndani, na asubuhi yake alikaa juani kwenye kijani kama wengine. Vita viliendelea miaka mingine, na si wote niliowapenda walivivuka. Lakini sikumtaja tena mtu kwa jambo ambalo sikulichimba.

Basi mwanangu, shika haya. Kitu chako kikigeuka njano, uwe ni uwanja, ndoa au urafiki, usikimbilie kukilisha, na usikimbilie kutafuta aliyekiua. Piga magoti, pindua udongo, nusa. Mara nyingi utakuta ni miguu yetu sote. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijavaa jina la mwingine. Na ukimjua mkosaji, mpe nafasi ya kusema mwenyewe, kama nilivyopewa mimi na kikongwe mwenye kiganja kilichofumbwa.

Mungu akupe mkono mwepesi kwa jembe na mzito kwa lawama. Akukutanishe na watu mfano wa Bibi Salima na Melkiori, na siku ukikutana nao, akupe macho ya kuwaona. Amina.