Alama za Tairi Nilizozifagia

Kwanza ilikuja kengele. Kijijini kwetu, kati ya Wingwi na Micheweni, ardhi ni mawe na nyasi fupi, tambarare isiyo na mti wa kuizuia sauti, kwa hiyo tuliisikia ikilia ng'ambo ya malisho kabla hatujamwona mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, nami nilikuwa na umri wa kuteka maji peke yangu. Baiskeli si kwamba tulikuwa hatujaziona, lakini zote zilikuwa za watu tunaowajua kwa baba na babu. Huyu hakujulikana na mtu. Alivaa kofia pana ya ukindu, nyuma kafunga mkeka na birika, na kila kijiji alichofika alishuka, akauliza jina la mahali, akatoa daftari akaandika.

Daftari hilo ndilo lililotutia shaka. Habari zilikuwa zimetangulia kutoka Mgogoni kwamba ni mtu wa Tanga, anazunguka kisiwa kizima tangu Mkoani, eti anataka kuona tu. Nani avuke bahari aje akanyage pedali juani, juu ya mawe yetu, kwa kutaka kuona tu? Wanaume wakasema anahesabu ng'ombe, kodi inakuja, na ng'ombe wakaswagwa vichakani. Bibi yangu, mama yake mama, hakuijali kodi. Alichoogopa yeye ni ule mstari wa tairi. Kwetu nyayo za mgeni usiyemjua zilifagiliwa mara akishapita, asije akaacha kitu mlangoni kwako au akaondoka nacho. Na huyu, alisema Bibi, anaburura unyayo mmoja usiokatika tangu Mkoani. Nani ajuaye ncha ya pili kaifunga wapi? Akanipa ufagio wa chelewa. "Nenda kafagie. Na akikuuliza, wewe humjui ntu."

Nilimkuta njia panda, amesimama anajifuta jasho. Alinisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mtu mzima, kisha akauliza, "Binti, kwa Bi Mize, mke wa Hamadi, ni wapi?" Bi Mize ni mama yangu. Baba alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda kukata mkonge Tanga, na tangu hapo kimya. Wengine walisema amekufa, wengine wakasema ameoa huko, na mama akaendelea kulima mihogo. "Hapana ntu wa jina hilo," nikamjibu. Aliutazama ufagio, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa uchovu. Akaniuliza njia ya Wete. Nikamwonyesha ile ya kushoto, ipitayo kisimani. Alipopotea machoni niliifagia njia panda yote na ile ya kushoto mpaka kisimani, kisha nikarudi nyuma nikifagia hadi kizingitini kwetu, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Mama alikuwa ndiyo kwanza atue tenga la mihogo pale Mzee Shaame wa Wingwi, rafiki wa baba, alipofika anahema. "Mize, yule bwana wa baiskeli kakufikia? Ana barua ya Hamadi. Nlimwambia anipe mie niilete, kakataa. Hamadi kamwapisha aitie nkononi mwako, asimpe ntu mwengine." Kumbe baba naye hakumwamini mtu.

Mama alitoka mbio, nami nyuma yake. Sikuwa nimemwona akikimbia hata siku moja. Njia panda alipiga magoti akalitazama vumbi, kushoto, kulia, kushoto tena. Lilikuwa safi kama ua wa harusi. Akanigeukia. "Mwanangu, hukumwona? Kashika njia gani?" Nilijua. Lakini kuitaja njia kungekuwa kukiri kwamba nimesema naye, na kwamba nimemkana mama yangu mbele ya barua ya baba. Niliogopa. Nikasema, "Sikumwona, mama." Akashika ya kulia.

Alirudi baada ya Magharibi, miguu imechanwa na mawe. Kesho yake mjomba alikwenda kwa miguu hadi bandari ya Wete, vinakotokea vyombo vya Tanga, akakuta chombo kimeondoka asubuhi na mtu wa Tanga yumo. Barua ile hatukuiona, wala baba hatukumwona tena. Mama aliishi miaka mingi baadaye, na miaka yote hiyo alimshuku kila mtu. Alimshuku Mzee Shaame kwamba barua anayo. Aliwashuku jirani. Alimshuku mama yake mzazi kwamba ndiye aliyeifagia njia, Bibi asinitaje, na wakakaa mwaka mzima hawasemezani. Mimi peke yangu hakunishuku kamwe. Mimi ndiye aliyekuwa akiniita nimkande miguu na kunieleza anaowashuku, nami nilikanda nikisikiliza.

Siku hizi pikipiki zinaingia mpaka uani, na wageni wanauliza nyumba ya mtu yeyote wakaonyeshwa na watoto wenye kucheka. Mjukuu wangu hufagia kila asubuhi, naye hushangaa kwa nini namzuia asiguse alama za tairi mpaka mvua iziondoe yenyewe. Hudhani ni uzee. Juzi aliniuliza kwa nini. Nikamwambia huenda mtu akataka kujua mgeni kashika njia gani. Akauliza ni mtu gani huyo, nami, mzee mzima niliyebakisha siku chache, nikamjibu kwamba simjui.