Kitundu Chini ya Usukani

Mama yangu hakununua kuku kwa macho. Mnadani Mtinko alimgeuza kuku, akampapasa chini ya mkia kwa vidole viwili, kisha akatangaza mbele za watu kwamba huyu anataga, huyu amekoma. Wauzaji walimchukia. Mimi nilijificha nyuma ya magunia ya vitunguu kwa aibu. Baba naye hakutaka kuongozana naye sokoni, lakini ya baba ni mengine.

Nayakumbuka hayo kwa sababu nilipokwenda kuishi mjini kwa dada yangu, nilimkuta mume wake naye ni mtu wa mkono. Alikuwa fundi magari mwenye gereji pale Mandewa, nami nikawa msaidizi wake. Injini ikinguruma aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, kama unavyompima mtoto homa, akasema ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye hakuingia darasani hata siku moja, na hilo tulilijua watatu tu nyumbani.

Baada ya serikali kutoa ruksa ya kuagiza bidhaa nje, magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yakajaa mjini. Nesi mmoja akaleta la kwake, linatetemeka. Shemeji akapima, akasema pampu ya mafuta. Tukashusha tanki mara mbili kuifikia pampu, gari likatetemeka vilevile. Mara ya tatu nesi akaja na kimashine cha kupimia hitilafu za gari alichotumiwa na mwanawe, pamoja na karatasi inayoeleza namba zake kwa Kiswahili. Akatuachia, akawahi zamu.

Waya wake ulikuwa na kichwa kipana chenye pini nyingi. Tukafungua boneti, maana kwetu gari lilikuwa boneti, tukatafuta pa kukichomeka asubuhi nzima. Nusura nikilazimishe kwenye boksi la fyuzi. Mwisho shemeji akalala chali ndani ya gari, miguu nje, akapapasa chini ya usukani.

“Kuna kitundu huku, kina mdomo mpana. Lete.”

Kikaingia. Tukafungua swichi ya gari, kioo cha kimashine kikawaka. Akanipa kile kimashine.

“Soma wewe shemeji, mikono yangu ina grisi.”

Yangu pia ilikuwa na grisi. Nikasoma namba, nikaifuata kwenye karatasi kwa kidole: silinda ya tatu haichomi. Pampu haikutajwa. Ningesema imetajwa, tungeshusha tanki tena, naye asingejua kamwe. Alikuwa ananitazama. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Nilipougua surua, alilala sakafuni nipate kitanda.

Nikamwambia kilichoandikwa.

Tukabadilisha plagi ya tatu, gari likatulia. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale muda mrefu.

“Mwambie yule nesi nilikosea mimi, wewe hukukosea.”

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akatundika ovaroli, akavaa shati lake na kushika njia. Nikadhani anafuata chai. Nyumbani tuliendelea kula sahani moja, lakini gereji ile hakuikanyaga tena.